Silikoni ya gasketi imegoma kuiva na baridi hii? Soma dalili kabla hujafungua tena

Kila mwaka ikifika Juni, Mlima Meru ukianza kujifunika toka asubuhi mpaka saa sita mchana, naanza kupokea magari ya aina moja: sampo (bakuli la oili chini ya injini) imefungwa juzi leo inadondosha, tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inatoa jasho, hausing ya thermostati (kikombe cha kidhibiti joto cha maji ya injini) inachuruzika maji, na mwenye gari ana neno moja tu, "fundi, silikoni haijakauka." Fundi aliyefunga naye ana jibu moja, baridi. Mara nyingine kweli ni baridi. Lakini nimeshafungua nyingi sana za namna hii hapa Arusha nikakuta baridi inasingiziwa, ugonjwa ni mwingine kabisa, na ukipaka upya bila kujua ni ugonjwa gani utarudi palepale wiki ijayo, oili ya watu imemwagika na hela ya tyubu nyingine imeenda.

Kwa hiyo kabla hujashika spana lala chini ya gari na tochi. Angalia, gusa, nusa.

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Hii silikoni ya tyubu, gasketi meka ya kuzibia mwungano wa vyuma, nyeusi, ya kijivu au nyekundu, haikauki kama rangi. Rangi inapoteza thina ndo inakauka, silikoni inafanya kinyume, inavuta mvuke wa maji ulioko hewani na huo mvuke ndo unaigeuza kuwa mpira, kwa hiyo inaanza kuiva nje halafu inaenda ndani taratibu. Yale masaa 24 yaliyoandikwa kwenye tyubu yamepimwa kwenye joto la digrii 23 mpaka 25 hivi, hewa yenye unyevu wa asilimia 50, na mstari wa milimita 2 au 3. Sasa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Julai usiku joto linashuka mpaka digrii 11 au 12, na mchana likijitahidi sana linagusa 21 au 22. Hesabu ninayotumia mimi, joto likishuka digrii 10 muda unakuwa kama mara mbili. Kwa hiyo masaa 24 ya kwenye tyubu, kwa gari iliyolala nje Njiro au Ngaramtoni, hesabu siku mbili. Moshi mjini wako chini zaidi, mita 800 na kitu, hata Julai mchana wanapata 25, ndo maana fundi wa Pasua akikwambia kwake siku moja inatosha hakudanganyi. Ila gari hiyohiyo ikipandishwa Marangu au Machame juu kule kwenye migomba, hesabu inabadilika.

Kuna swali naulizwa sana na ni swali zuri: asubuhi kuna ukungu mpaka huoni mita hamsini mbele, unyevu si umejaa, sasa silikoni inakosaje maji? Jibu ni kwamba hewa ya baridi hata ikijaa kabisa inabeba mvuke kidogo. Kwenye digrii 10, mita moja ya ujazo ya hewa inabeba kama gramu 9 za maji basi, wakati kwenye digrii 25 inaweza kubeba mpaka 23. Kwa hiyo mvuke upo, sio mwingi kama unavyodhani, na silikoni yenyewe imepoa, inaula polepole. Halafu huo ukungu unaleta balaa lingine la umande kwenye chuma, nitalifikia.

Kitu kimoja nakifanya kila kazi na nakuomba na wewe ukifanye. Ukimaliza kupaka, kamua mstari wa unene uleule juu ya kipande cha bati kilichosafishwa sawa na sampo, halafu kiweke palepale chini ya gari, sio ofisini kwenye joto, sio juani. Mimi namwita shahidi. Kesho yake mkate katikati kwa wembe. Shahidi akiwa mbichi ndani, basi ile iliyobanwa kati ya vyuma ni mbichi zaidi, maana yeye amekaa wazi hewani na yenyewe imefichwa.

Nje ni mpira, ndani ni dawa ya meno

Hii ndo dalili ya baridi halisi. Ukigusa ile silikoni iliyofura nje ya mwungano unakuta kavu, inadunda kama mpira, unaridhika kabisa, unaweka oili, na baada ya kilomita mia inaanza kulia.

Mimi mwenyewe imenipata. Ilikuwa Julai, Land Cruiser ya kubeba watalii, nimefunga sampo saa kumi na moja jioni na gari inatakiwa iondoke alfajiri ya kesho yake kwenda Serengeti. Saa tatu usiku nikaigusa kwa kidole, kavu, nikaweka oili. Dereva akanipigia simu akiwa Mto wa Mbu, kasimama kuchimba dawa akaona mstari wa oili nyuma ya gari. Nikawafuata. Nilipoishusha ile sampo, pembeni yote ilibanduka kamba moja nyeusi nzuri, imeiva, unaweza kuivuta kama mpira wa manati, na chini ya hiyo kamba, pale chuma kinapokutana na chuma, palikuwa na uji wa kijivu uliochanganyika na oili, unaupangusa kwa kidole unatoka wote. Wageni wakahamishiwa gari nyingine, siku yao moja imeharibika, na yule dereva hakunilaumu hata neno, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko angenifokea.

Toka siku hiyo nikaanza kulifikiria vizuri. Silikoni iliyoko kati ya sampo na bloku (mwili wa injini) ni nyembamba sana, robo ya milimita au chini ya hapo, kwa hiyo mtu anasema aah, hiyo itaiva upesi. Lakini mvuke haupiti kwenye chuma. Unaingia pembeni tu, kwenye ule ukingo unaouona, na ukingo wa sampo una upana wa milimita 12 au 15. Kwa hiyo unene hausaidii kitu hapa, unachotakiwa kuhesabu ni upana, safari ya kutoka nje mpaka katikati. Na safari hiyo haiendi kwa mwendo mmoja: kadiri tabaka la nje linavyoiva ndivyo linavyouzuia mvuke kupita, ukitaka kina mara mbili unasubiri kama mara nne. Kama milimita 3 imechukua siku moja kwenye joto zuri, milimita 6 itataka kama siku nne. Kwenye baridi ndo usiseme.

Usiogope sana lakini. Sio lazima upana wote uive ndo gari itembee, mwungano uliokazwa vizuri unashikwa na boliti, na ukanda ulioiva wa milimita kadhaa ukishagandana na chuma safi unazuia oili vizuri tu. Shida ni pale unapoweka oili mapema, oili inaingia kwa ndani inakutana na silikoni mbichi, na silikoni mbichi ikishaguswa na oili haigandi tena na chuma. Hapo hata ukisubiri mwezi umeshaikosa.

Dawa yake: muda, na joto kidogo (chini nimeeleza namna ya kupasha). Kwa Arusha Juni mpaka Agosti mimi siweki oili kabla ya masaa 24, na gari haiwashwi kabla ya 36, na kama ni difu (gia za ekseli) au giaboksi ambayo mwenyewe anakwenda nayo porini naomba masaa 48. Mteja akikataa namwambia ukweli mapema, sio baada. Kama umeshaweka oili na inavuja, usipake silikoni juu ya silikoni kwa nje, haisaidii, mpya haigandi vizuri juu ya ile yenye oili. Mwaga, shusha, kwangua, anza upya.

Halafu punguza mstari. Watu wakiona baridi wanaongeza silikoni wakidhani nyingi ndo itazuia, kumbe mstari mnene ndo unachelewa zaidi. Milimita 3 inatosha, pita upande wa ndani wa matundu ya boliti, zungushia tundu. Ile inayozidi inafurika ndani ya injini, inakaa kwenye oili haijaiva, inakatika vipande, inaenda kukaa kwenye strena (chujio) ya pampu ya oili. Nimeshatoa strena imejaa vipande vyekundu kama nyama ya kusaga, na injini ilikuwa imeshaanza kugonga. Hiyo sio kazi ya sampo tena, hiyo ni kazi ya shafti na metali (beringi za ndani ya injini).

Imepita nusu siku na hata ngozi haijaweka

Silikoni nzima kwenye joto la kawaida inaweka ngozi ndani ya dakika 10 mpaka 20. Kwenye digrii 12 inaweza kwenda nusu saa, hata zaidi, sawa. Lakini kama jana jioni umepaka na leo asubuhi shahidi bado ananata kwenye kidole kama asali, hiyo sio baridi tena. Hiyo tyubu imekufa.

Angalia tarehe iliyogongwa kwenye mkia wa tyubu. Silikoni ina umri, na inayokaa dukani juani kwenye dirisha inazeeka haraka kuliko tarehe yake. Nyingine zinagandia ndani, hizo unazijua ukikamua tu, ila kuna zinazobaki laini kabisa zimepoteza nguvu ya kuiva, hizo ndo mbaya maana zinakamuka vizuri na zinakudanganya. Jaribu kabla ya kazi: kamua kidogo kwenye karatasi, weka sehemu yenye joto, ndani ya nyumba, jikoni. Ikipita saa nzima haina ngozi tupa. Na ukinunua bonyeza tyubu, ikiwa ina vijiwe ndani rudisha.

Tyubu nzima lakini ngumu kukamua asubuhi ni kitu kingine, hiyo imepoa tu. Iweke mfuko wa ndani wa koti nusu saa au iloweke kwenye maji ya vuguvugu ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Usiipashe kwenye moto.

Imeiva vizuri lakini inabanduka

Unavuta kipande na chote kinafuata, safi, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na chuma chini yake kinang'aa. Hapa silikoni haina kosa lolote, imeiva mpaka ndani, ila haijashika chuma. Kuna sababu tatu na mbili zinakuja na baridi.

Ya kwanza ni mafuta. Wengi tunaosha kwa dizeli au mafuta ya taa, na zote mbili zinaacha utando ambao jicho halioni. Petroli ni afadhali kidogo lakini nayo inaacha, na hatari yake unaijua. Tumia breki klina (dawa ya kupuliza ya kusafishia breki) au asetoni, futa kwa kitambaa cheupe, geuza kitambaa, futa tena mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Na kwenye sampo kuna kitu cha pekee, oili iliyobaki juu kwenye bloku inaendelea kushuka tone moja moja kwa masaa, na wakati wa baridi oili ni nzito, inashuka polepole zaidi, kwa hiyo unafuta ukingo, unakwenda kunywa chai, unarudi unapandisha sampo na tone limeshakuja pale karibu na sili ya nyuma. Mimi naiacha idondoshe usiku kucha sampo ikiwa imeshuka. Asubuhi nafuta mara ya mwisho ndo napaka.

Ya pili ni umande, na huu ndo wetu kabisa. Sampo imelala nje usiku, chuma kina digrii 11. Saa tatu asubuhi jua linachomoza kwenye mawingu, hewa inapata joto haraka, chuma bado baridi, na maji yanajishika juu yake kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Huyaoni maana ni utando mwembamba. Pitisha kidole kavu uone kama kinaacha njia. Mtu anasema si umesema silikoni inapenda maji? Inapenda mvuke hewani, haipendi maji yaliyokaa kati yake na chuma. Kwa hiyo ukitaka kupaka asubuhi, pasha chuma kwanza mpaka ukikigusa kiwe vuguvugu mkononi, futa na breki klina, subiri ikauke, paka. Au subiri saa nane mchana. Mimi kazi za silikoni wakati wa baridi nazipanga kati ya saa saba na saa tisa mchana na sioni aibu kumwambia mteja hivyo.

Ya tatu haina uhusiano na baridi, ni silikoni ya zamani iliyobaki. Inabaki kama kivuli, ukipitisha kucha unaisikia inateleza. Kwangua kwa kipande cha plastiki kigumu au mbao, kwenye aluminiamu usitumie bisibisi maana unaacha mikwaruzo ambayo oili itaifanya njia. Na tafadhali zile pedi za kuzungusha na drili ziache, unga wake unaingia kwenye injini unakula beringi.

Ngozi iliwahi kabla ya kufunga

Hii inatokana na ushauri mbaya unaozunguka gereji nyingi: "paka, acha ishike kidogo, ndo ufunge." Watu wanaufuata zaidi wakati wa baridi maana wanaona inachelewa, wanaiacha nusu saa, wanakwenda kula. Ngozi ikishajiweka, upande wa pili haugandi, unabanwa tu. Ukiifungua utakuta mstari umeshika bloku vizuri na upande wa sampo uko laini kama mgongo wa kijiko, hakuna hata alama ya kushika.

Mwongozo wa Toyota kwa silikoni zao unataka ufunge ndani ya dakika chache toka umepaka, ukichelewa uifute yote uanze tena. Silikoni nyingine za dukani zinasema funga kwa mkono boliti zishike tu, subiri saa moja, ndo ukaze ya mwisho. Soma tyubu yako, zinatofautiana kweli. Ila zote mbili zinakutaka vyuma viwe vimekutana wakati silikoni ni mbichi. Kwa hiyo boliti zote ziwe zimeshasafishwa na zimepangwa mkononi mwa msaidizi kabla hujakamua hata tone.

Iliyotoka nje haiivi kabisa, inabaki majimaji

Kama rangi yake ni zambarau, kijani au nyekundu inayopenyeza mwanga kama jeli, basi hiyo sio silikoni. Hiyo ni gundi ya aina nyingine inayofanya kazi kinyume kabisa, inaiva pale hewa inapokosekana na chuma kikiwepo pande zote. Iliyofura nje itabaki majimaji milele, futa tu, haina shida. Ila ukiitumia kwenye sampo ya bati iliyopinda, yenye nafasi zaidi ya nusu milimita, haitaiva hata ndani, na kwenye baridi inachelewa zaidi, hasa kwenye aluminiamu. Ni ya vyuma vilivyochongwa vikakaa sawasawa, kama nusu mbili za giaboksi. Kwa sampo ya bati rudi kwenye silikoni.

Kuna na ile ya kahawia nzito inayonuka spiriti, inapakwa na brashi juu ya gasketi ya karatasi. Ile imetengenezwa isikauke. Usikae unaisubiri.

Inavuja kwenye boliti tu

Geuza sampo, weka rula ya chuma juu ya ukingo. Kama kila tundu limeinuka kama kichuguu, kuna mtu aliwahi kukaza kwa hasira. Weka mbao chini, gonga kwa nyundo taratibu mpaka rula ikae. Boliti ndogo za sampo za M6 (unene wa milimita 6) kwa kawaida zinataka kati ya Nm 5 na 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza), namba kamili iko kwenye mwongozo wa gari yako, na hiyo ni nguvu ya kiganja, sio ya bega. Ukikaza sana silikoni yote inakamuliwa nje, ndani panabaki chuma kwa chuma.

Kupasha joto bila kuua mtu

Hapa naomba unisikilize. Usiingize jiko la mkaa kwenye gereji iliyofungwa milango, hata kama unataka lipashe gari tu usiku na wewe unalala chumba cha pili. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hawaamki. Usipitishe moto wa gesi kwenye sampo uliyotoka kupuliza breki klina, kuna aina za breki klina ambazo moshi wake ukiungua ni sumu kali, na hizo nyingine zinalipuka. Na usiwashe injini "ipashe yenyewe", oili itarushwa kwenye mwungano mbichi kabla joto halijafika pale.

Ninachofanya ni hiki. Vyuma vyote viwili vinapashwa kabla ya kupaka, sampo naiegemeza juani kwenye ukuta, bloku napitishia draya ya saluni dakika kumi. Nikishafunga, nachemsha sufuria kubwa ya maji nje, naiingiza chini ya gari, natandaza turubai kutoka kwenye bampa mpaka chini pande zote. Pale chini panakuwa na joto na mvuke kwa pamoja, vitu viwili ambavyo silikoni inavitaka, na hakuna moto. Maji yakipoa nabadilisha, mara tatu jioni inatosha. Kama umeme upo, balbu ya zamani ya wati 100 au taa ya halojeni ikae nusu mita kutoka kwenye sampo usiku kucha, mbali na kitambaa chochote chenye petroli, hizi taa mpya za LED hazina joto la kukusaidia. Lenga chuma kiwe digrii 30 hivi, unaweka kiganja na kinakaa bila kuungua.

Kama silikoni yako ni ile inayonuka siki, pua nayo ni kipimo. Bado unanusa siki ukisogea karibu, bado inaiva. (Hiyo ya siki usiiweke karibu na sensa za oksijeni, inaziharibu, na inakula shaba. Tafuta iliyoandikwa ni salama kwa sensa.)

Kama gari lazima iondoke asubuhi

Sehemu ambazo gasketi ya karatasi au ya mpira inapatikana, tumia hiyo, hausing ya thermostati, wota pampu, kava ya difu za magari mengi, gasketi unaweza hata kuikata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi ya kupima, na silikoni unaigusia kwenye kona tu. Hiyo unaweka maji na unaondoka. Ila sampo za Toyota nyingi zimetengenezwa bila gasketi, silikoni peke yake, na hapo hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Na madereva wa safari, hili ni lenu. Ukiwa umelala ukingoni Ngorongoro, kule ni mita 2,300 na usiku Julai ni baridi ya kung'ata, ukaona sampo inadondosha tone moja kila dakika, usiruhusu mtu aifungue pale kambini usiku na tyubu ya silikoni. Haitaiva, na asubuhi utakuwa na gari isiyotembea kabisa. Pima oili, ongeza mpaka alama, beba lita mbili za akiba, simama kila baada ya nusu saa upime tena, na taa ya oili ikigusa tu zima injini hapohapo. Shuka nayo Karatu, na kama tone halijaongezeka endelea mpaka Mto wa Mbu chini ya bonde. Kule kuna joto hata mwezi wa saba. Ifungueni mchana, mpake, na iacheni ilale siku nzima na usiku wake, shahidi wake akiwa chini ya gurudumu.